Mashine kama Msomaji: Korpasi, Lahaja na Ushairi wa Kiswahili katika Kenya ya Lugha Nyingi

IKISIRI

Makala haya yanachunguza teknolojia ya lugha nchini Kenya kwa jicho la mhakiki wa fasihi. Hoja yake kuu ni kwamba kifaa cha lugha ni msomaji aliyelelewa na matini fulani, na kwamba upungufu wake mbele ya ushairi wa Kimvita na Kiamu umerithiwa kutoka kwa usanifishaji wa Kiswahili na ufundishaji wa ushairi shuleni. Inapendekezwa kuwa korpasi, yaani mkusanyiko wa matini unaotumiwa kuifunza tarakilishi lugha, ihakikiwe kama diwani inavyohakikiwa.

1.0 Utangulizi

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, sambamba na Kiingereza, kuwa lugha rasmi. Kifungu hicho hicho kinaitwika serikali jukumu la kukuza na kulinda uanuwai wa lugha za watu wa Kenya. Katika miaka iliyofuata, sehemu kubwa ya maandishi ya kila siku imehamia kwenye tarakilishi na simu ya mkononi, na suala la kulinda lugha limekuwa, kwa kiasi kikubwa, suala la vifaa: lugha ipi ina kihakiki tahajia, ipi hutafsiriwa na mashine, na ipi husikika na kuandikwa na kifaa bila mkono wa mtu.

Hatua zilizopigwa si haba. Kiswahili kiliingizwa katika huduma ya tafsiri ya Google mwaka 2009, na Dholuo mwaka 2024. Mwaka 2022 kampuni ya Meta ilitoa mfumo wa kutafsiri lugha 200, Kiswahili, Gikuyu, Kikamba na Dholuo zikiwa miongoni mwake. Mwaka huo huo watafiti wa vyuo vikuu vya Kenya walitoa maelezo ya Kencorpus, mkusanyiko wa Kiswahili, Dholuo na lahaja tatu za Kiluhya, yaani Kimarachi, Kilogooli na Kibukusu, wenye matini za maneno milioni 5.6 na saa 177 za sauti. Kwa lugha ambazo kwa muda mrefu hazikuwa hata na kihakiki tahajia, haya ni mafanikio yasiyopaswa kubezwa.

Hata hivyo, mjadala juu ya mafanikio hayo umeachiwa wahandisi na wanaisimu. Wahakiki wa fasihi wamekaa kimya, na kimya hicho kina visingizio viwili. Cha kwanza ni kwamba mashine haina hisia, hivyo haina shughuli na fasihi. Cha pili ni kwamba makosa ya mashine yatajirekebisha yenyewe kadiri matini zinavyoongezwa. Makala haya yanavikataa vyote viwili. Mashine haisomi kwa maana ambayo binadamu husoma. Huhesabu ni neno gani hufuatana na lipi. Lakini maadamu matokeo ya hesabu hiyo ndiyo yanayoamua ni umbo gani la neno litapigiwa mstari mwekundu na maana gani itafikishwa kwa mzungumzaji wa lugha nyingine, mashine inatenda kazi ya msomaji. Ni haki ya mhakiki kuuliza msomaji huyo amelelewa na nani.

2.0 Korpasi kama Diwani

Hakuna diwani inayojikusanya. Mashairi ya Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840, yalimfikia msomaji wa karne ya 20 kupitia mikono kadhaa. Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyakusanya na kuyaeleza, W. E. Taylor aliyanakili, na William Hichens akayahariri na kuyachapisha kama Diwani ya Muyaka mwaka 1940. Mhakiki yeyote makini wa Muyaka hujua kwamba kila mkono uliacha alama yake: katika uteuzi, katika tahajia, katika mpangilio na katika maelezo. Kumsoma Muyaka ni kuisoma mikono hiyo pia.

Korpasi nayo ina mikono. Korpasi ya Kiswahili ya Helsinki, ambayo toleo lake la kwanza la mwaka 2004 lilikuwa na maneno yapatayo milioni 12.5 na la pili la mwaka 2016 yapatayo milioni 25, ni kazi ya subira na usomi mkubwa. Vitabu vimo, lakini magazeti yamechukua nafasi pana, na kumbukumbu za Bunge la Tanzania zimo pia. Mwaka 2021 watafiti wa Kiafrika wa kundi la Masakhane walitoa hazina ya kutambua majina ya watu, mahali na mashirika katika lugha 10, Kiswahili na Dholuo zikiwemo; matini zake ni habari. Kabla ya hapo, mwaka 2019, ulitolewa mkusanyiko wa matini sambamba za lugha zaidi ya 300 uliotokana na maandishi ya Mashahidi wa Yehova. Ulitumiwa sana katika tafsiri ya lugha za Kiafrika, kisha ukaondolewa kwa sababu za haki za wenye maandishi.

Sababu za uteuzi huo zinaeleweka. Habari hupatikana kila siku na bila gharama kubwa. Maandiko ya dini yametafsiriwa kwa lugha nyingi sentensi kwa sentensi. Lakini kinachozalika ni msomaji aliyelelewa na tanzu mbili tu, taarifa na mahubiri. Taarifa na mahubiri, licha ya tofauti zake, zina sifa moja ya pamoja: sauti ya msemaji hutarajiwa kuaminiwa. Waziri amesema, Mtume ameandika. Ushairi wa Kiswahili, kinyume chake, umekulia katika fumbo, kejeli na majibizano, ambamo lisemwalo si lilikusudiwalo na msikilizaji hutakiwa kulijua hilo. Msomaji ambaye hajawahi kupewa sababu ya kuishuku kauli atalichukua fumbo kama taarifa.

Hii ndiyo sababu hoja ya wingi haitoshi. Ukiongeza maneno milioni 100 ya habari juu ya milioni 25 za habari, umempa msomaji yule yule chakula kile kile. Diwani iliyojaa tungo za mkusanyaji mmoja haiwi diwani ya taifa kwa kuongezewa kurasa.

3.0 Malezi ya Msomaji: Kamati, Shule, Mashine

Ingekuwa rahisi kuitupia lawama mashine na waundaji wake wa ng'ambo. Historia ya Kiswahili hairuhusu wepesi huo. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliiteua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na kuanzia mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilisimamia tahajia, msamiati na vitabu vya shule. Faida za kazi hiyo zinajulikana: mtoto wa Kisumu na mtoto wa Tabora waliweza kusoma kitabu kimoja. Gharama yake pia inajulikana. Lahaja ambazo ushairi wenye maandishi ya kale ulitungwa kwazo, hususan Kiamu na Kimvita, zilibaki nje ya kipimo cha usahihi. Lugha ikapata kaida ya nathari iliyo mbali na kaida ya ushairi wake.

Pengo hilo lilizibwa darasani kwa istilahi. Mwanafunzi wa shule ya upili nchini Kenya hufundishwa kwamba mshairi ana uhuru wa kukiuka kanuni za lugha: hufupisha neno kwa inkisari, hulirefusha kwa mazida, huligeuza kwa tabdila, au huazima msamiati wa kikale na wa lahaja. Istilahi hizi zina matumizi yake halali. Tatizo hutokea zinapofanywa chujio la kupitishia kila umbo lisilo la Kiunguja. Aghalabu mwanafunzi anayekutana na "mato" kwa maana ya macho, au "ndia" kwa maana ya njia, huongozwa kuandika kwamba mshairi amebadilisha herufi ili apate kina. Mshairi hakubadilisha chochote. Ameandika neno kama alivyolisikia kwa mamake.

Abdilatif Abdalla alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki akiwa kifungoni kati ya mwaka 1969 na 1972, na diwani hiyo ikachapishwa mwaka 1973. Kimvita chake ni lugha kamili ya mtu aliyenyimwa kila kitu isipokuwa lugha yake. Kuliita umbo la Kimvita katika diwani hiyo "ukiukaji" ni kumtwisha mshairi kosa ambalo hakulitenda na kumwondolea msimamo aliouchukua.

Hapa ndipo hoja ya makala haya inapojikita. Kihakiki tahajia kinachopigia mstari mwekundu neno "ndia" hakijabuni hukumu mpya. Kinaitekeleza hukumu iliyokwisha kutolewa na kamati na kufundishwa na shule. Tofauti ni kwamba mwalimu angeweza kuulizwa, kubishiwa na kubadili nia. Mashine hutoa hukumu yake kimyakimya, kwa kila mwandishi, katika kila sentensi, na mara nyingine hulibadilisha neno kabla mwandishi hajalitazama tena.

4.0 Neno, Mizani na Kina

Athari ya hukumu hiyo huonekana wazi zaidi katika utungo wa arudhi. Chukua vipande viwili vya mizani minane, vilivyobuniwa hapa kwa ajili ya mfano tu: "Wazee wetu wafiye, na manahodha wendeye." Umbo la "wafiye" na "wendeye" ni la njeo timilifu ya kale iliyohifadhiwa katika ushairi wa lahaja za kaskazini. Kwa Kiswahili Sanifu ni "wamekufa" na "wamekwenda". Kifaa kikilirekebisha umbo la kwanza, kipande kitakuwa na mizani tisa. Kikilirekebisha la pili, nacho kitakuwa na tisa. Kina cha "ye" kitatoweka katika vyote viwili. Hakuna neno lililopotea maana. Kilichopotea ni shairi.

Kuna hali ngumu zaidi, ambapo umbo la lahaja lina pacha wake katika Kiswahili Sanifu mwenye maana nyingine. "Kuteka" katika Kiamu ni kucheka. Katika Kiswahili Sanifu ni kunyakua au kuchota maji. "Kuvunda" katika Kimvita ni kuvunja. Kwingine ni kuoza. "Ndoo" ni wito wa kumtaka mtu aje. Kwingine ni chombo cha maji. Mtu akiandika "mwana hulia kisha huteka", kihakiki tahajia hakitaona kosa lolote, na mashine ya kutafsiri iliyolelewa kwa Kiswahili Sanifu pekee haitakuwa na sababu ya kusita. Itamfanya mtoto mchanga kuwa mtekaji au mchota maji, na msomaji wa tafsiri hatakuwa na dalili kwamba palikuwa na kicheko. Kosa lenye mstari mwekundu ni la kheri kuliko kosa hili, kwa kuwa la kwanza hujitangaza.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba sikio la Mombasa hutofautisha "t" ya meno na "t" ya ufizi. Taylor, akifanya kazi na wajuzi wa Mombasa katika karne ya 19, aliona haja ya kutafuta alama za kuzitenga. Tahajia sanifu iliziunganisha kwa kuwa Kiunguja hakikuzihitaji. Tarakilishi iliyopokea maandishi ya tahajia hiyo haikunyimwa data kwa bahati mbaya. Ilipokea lugha ambayo tofauti hiyo ilikuwa imekwisha kufutwa. Mkasa wa Gikuyu unafanana na huu: waandishi wanapoacha alama za juu ya irabu kwa sababu kibao cha simu hakizitoi kwa urahisi, lugha ya irabu saba huandikwa kana kwamba ina tano.

5.0 Lugha Nyingi, Daraja Moja

Dai linalosikika sana ni kwamba tafsiri ya mashine itaziunganisha lugha za jamii yenye lugha nyingi. Inafaa kuuliza zitaunganishwa kwa njia gani. Matini sambamba zinazotumiwa kufunza mifumo hiyo, kwa sehemu kubwa, huilinganisha lugha ya Kiafrika na Kiingereza. Hata mtihani uliotumiwa kuupima mfumo wa lugha 200 wa mwaka 2022 ulikuwa na sentensi 3001 zilizochukuliwa kutoka miradi ya Wikimedia ya Kiingereza, kisha zikatafsiriwa kwa lugha nyingine zote. Gikuyu, Kikamba, Dholuo na Kiswahili zilipimwa kwa uwezo wake wa kusema yaliyokwisha kusemwa kwa Kiingereza.

Kwa fasihi, jambo hili lina uzito. Kiambishi "a" cha nafsi ya tatu katika Kiswahili hakisemi kama anayetajwa ni mume au mke. Dholuo haisemi, Gikuyu haisemi. Mshairi wa mapenzi wa pwani huutumia ukimya huo kwa makusudi: apendwaye anaweza kuwa mwanamke, mwanamume, nchi, au jina lisilopaswa kutajwa. Shairi kama hilo likivuka kutoka Kiswahili hadi Dholuo kwa daraja la Kiingereza, litasimamishwa njiani na kuulizwa swali ambalo lugha ya kutoka haikuuliza wala lugha ya kufikia haihitaji. Jibu litakalotolewa litakuwa la kubahatisha, na litaathiri uteuzi wa kila neno linalofuata.

Upo mfano wa njia nyingine. Mwaka 2016 jarida la Jalada lilichapisha hadithi fupi ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Ituĩka Rĩa Mũrũngarũ, iliyoandikwa kwa Gikuyu, pamoja na tafsiri zake kwa makumi ya lugha, nyingi zikiwa za Kiafrika. Ni kweli kwamba watafsiri wengi hawakujua Gikuyu na walipitia lugha ya kati. Lakini kila lugha ilikuwa na mtu aliyewajibika kwa jina lake, aliyeweza kuuliza na kujibu. Uwingi wa lugha ulionekana kama uwingi wa wasomaji. Katika mfumo wa mashine uwingi wa lugha huonekana kama uwingi wa matoleo ya matini moja, na mwenye kuwajibika haonekani.

6.0 Mjuzi na Umati

Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu, aliyezaliwa mwaka 1927 na kufariki mwaka 2017, hukumbukwa na wengi kwa istilahi alizounda, kama vile "runinga" na "ngamizi". Kwa mada hii, mchango wake mkubwa uko katika tungo zake ndefu. Sambo ya Kiwandeo (1979) inahusu ujenzi na safari ya jahazi la Lamu. Umbuji wa Mnazi (1985) inahusu mnazi na manufaa yake. Wahakiki wengine wamezichukulia tungo hizi kama ushairi wa kuorodhesha, wenye maarifa mengi na hisia chache. Tathmini hiyo inahitaji kupitiwa upya. Nabhany aliona kwamba neno la fundi hufa fundi anapokosa kazi, na akaiweka hazina ya maneno katika umbo ambalo jamii yake ilizoea kulihifadhi kichwani. Anayeujua mnazi hutofautisha kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi. Asiyeujua huona tunda moja. Utungo wa Nabhany ni korpasi iliyofanywa na mjuzi, ambamo kila neno lina mahali pake, kazi yake na jirani zake.

Linganisha na aina mbili za teknolojia ya lugha. Mfumo wa uchanganuzi wa maneno ya Kiswahili ambao Arvi Hurskainen aliueleza mwaka 1992 huko Helsinki ulijengwa kwa kanuni: mtaalamu huiambia tarakilishi ni viambishi gani huungana na mashina gani. Mfumo wa namna hiyo unaweza kuambiwa, kwa kanuni chache, kwamba "wafiye" ni kufa katika njeo timilifu ya kaskazini. Mifumo iliyotawala katika miaka ya hivi karibuni, ikiwemo ya akili unde inayotunga matini, hujifunza kwa kuhesabu matini nyingi mno. Mfumo wa kanuni huhitaji mjuzi. Mfumo wa takwimu huhitaji umati. Lahaja za pwani zina wajuzi, ingawa wanapungua kila mwaka. Umati hazina.

Kwa hivyo, kuhamia kwenye takwimu bila fidia yoyote ni kuhamisha mamlaka ya lugha kutoka kwa anayejua hadi kwa walio wengi. Kiswahili Sanifu kitanufaika, na lugha nyingine za Kenya zitanufaika kwa kadiri ya wingi wa maandishi yake. Lahaja iliyobeba sehemu kubwa ya urithi wa ushairi itahesabiwa kuwa makosa machache ndani ya matini nyingi. Mradi wa kukusanya sauti wa Common Voice, ulioanzishwa na Mozilla, umeonyesha kwamba kuna njia nyingine, kwa kumruhusu mchangiaji wa Kiswahili aitaje lahaja yake. Sauti ya Kimvita yenye jina ni data; isiyo na jina ni kasoro ya matamshi.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba teknolojia ya lugha si jambo la nje ya uhakiki. Imedhihirika kwamba mashine hurithi msomaji aliyekwisha kutengenezwa na kamati ya lugha na darasa la ushairi, na kwamba kumrekebisha msomaji huyo hakuwezi kuachiwa wahandisi, ambao wengi wao hawajawahi kuelezwa tofauti ya inkisari na Kiamu.

Kazi tatu zinaikabili idara ya fasihi. Kwanza, korpasi zinazotolewa kwa jina la Kiswahili zihakikiwe hadharani: tanzu zake, lahaja zake, miaka yake na wahariri wake, kama ambavyo mhakiki angefanya kwa diwani mpya. Pili, ufundishaji wa uhuru wa mshairi utenganishe umbo lililobuniwa kwa ajili ya arudhi na umbo la lahaja, kwa kuwa mwanafunzi wa leo ndiye atakayeweka alama katika data ya kesho. Tatu, matini za Kimvita, Kiamu na Kibajuni ziandaliwe kwa maelezo na kwa jina la lahaja, ili zikiingia katika tarakilishi ziingie kama lugha.

Kazi ya tatu ina sharti lake. Hati nyingi za kale, nyingi zikiwa za maandishi ya Kiarabu, ni mali ya jamaa na hubeba dua, nasaha na siri za nyumba. Diwani za washairi wa kisasa zina wenye haki. Mkusanyiko uliofanywa kwa matini za watu na ukaondolewa baadaye kwa kukosa idhini unafaa kuwa onyo. Nabhany hakuhitaji kuiba neno kwa fundi. Aliketi naye, akauliza, akatunga. Mashine haiwezi kuketi. Watu wanaoiandalia matini wanaweza, na wajuzi wa kuketi nao bado wapo Lamu na Mombasa.